Ziwa Tanganyika: Upepo, giza na nyavu vinavyoamua msimu wa dagaa na migebuka

JUA linapozama nyuma ya milima ya Kongo, mialo ya Kibirizi na Katonga mjini Kigoma huanza pilikapilika. Wavuvi hushusha nyavu vyomboni, hukagua taa na betri, kisha husukuma vyombo majini. Saa chache baadaye ziwa huonekana kama mji ulioelea, kwa wingi wa taa zinazomulika kutoka upande wa Tanzania hadi karibu na Kongo.

Lakini zipo nyakati ambapo taa hizo hazionekani. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua. Kwa wakazi wa mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa, ambao wengi wao hutegemea ziwa kwa chakula na kipato, hatua hiyo ilizua maswali: kwa nini miezi hiyo, na je, samaki wana msimu kweli?

Jibu la swali hilo limo katika mwenendo wa ziwa lenyewe: upepo wake, kina chake na tabia za samaki wake wakuu wa kibiashara, yaani dagaa na migebuka.

Ziwa refu, uhai juu tu

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takribani kilometa 670 na kina kinachofikia mita 1,470, hivyo ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Linamilikiwa na nchi nne: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yenye asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania asilimia 41, Burundi asilimia 8 na Zambia asilimia 6.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji hayo haina samaki. Hewa ya oksijeni hupatikana katika tabaka la juu pekee, hadi kina cha mita 100 hivi upande wa kaskazini na karibu mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo maji hayana oksijeni, na samaki hawawezi kuishi.

Huko chini, hata hivyo, ndiko kuliko na hazina. Mabaki ya viumbe waliokufa huzama na kuoza, na virutubisho vyake hukaa kilindini. Ili mwani mdogo unaoelea majini uweze kuota, virutubisho hivyo havina budi kupanda juu, kwenye mwanga wa jua. Mwani huliwa na vijidudu vidogo vya majini, vijidudu huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na migebuka. Mnyororo huo ukikatika mwanzoni, mvuvi hurudi na chombo kitupu.

Kusi ndiyo huleta mbolea

Kinachopandisha virutubisho hivyo ni upepo. Kati ya Mei na Septemba, wakati wa kiangazi, upepo mkali wa kusini mashariki huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa. Upepo huo husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini. Upande wa kusini, kuanzia maeneo ya Kasanga mkoani Rukwa hadi Mpulungu nchini Zambia, maji baridi ya kilindini hupanda kujaza nafasi iliyoachwa, nayo huja na virutubisho.

Upepo unapotulia, kuanzia Septemba, maji yaliyorundikana kaskazini huanza kurudi. Ziwa huyumba polepole, mfano wa maji katika beseni lililoinamishwa kisha likaachiwa, ila hapa mwyumbo mmoja huchukua wiki kadhaa. Katika kuyumba huko, maji yenye virutubisho hufika karibu na uso wa ziwa upande wa kaskazini pia. Ndiyo maana Oktoba na Novemba maji huweza kubadilika rangi na kuwa ya kijani kutokana na mwani.

Mvua zinapoanza, kuanzia Novemba hadi Aprili, ziwa hutulia. Maji ya juu hupata joto na kuwa mepesi, hukaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya maji, na mchanganyiko hupungua. Chakula cha samaki hutegemea zaidi akiba iliyopandishwa wakati wa kusi.

Kwa hiyo, hakuna msimu mmoja wa samaki kwa ziwa zima. Neema huanzia kusini wakati wa upepo na kufika kaskazini baadaye, na makundi ya samaki hufuata chakula.

Samaki wenye maisha tofauti

Dagaa wa Tanganyika ni wa aina mbili. Wa kwanza ni dagaa wenyewe, ambao kitaalamu huitwa Stolothrissa tanganicae, wanaoishi katikati ya ziwa kwa makundi makubwa. Wa pili ni lumbu, Limnothrissa miodon, wakubwa kidogo na wanaopenda zaidi kukaa karibu na pwani. Lumbu ndio waliopelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika Bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968, ambako leo hujulikana kama kapenta.

Dagaa huishi takribani mwaka mmoja tu. Hukua upesi, huzaa upesi na hufa upesi. Mwaka wenye chakula kingi huleta dagaa wengi, na mwaka mbaya huonekana mara moja katika bei ya sokoni.

Mgebuka, au Lates stappersii, ni wa ukoo mmoja na sangara wa Ziwa Victoria, ila ana umbo jembamba na ni mdogo zaidi. Huwinda dagaa pamoja na kamba wadogo wa majini, huishi miaka kadhaa, na huchukua zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuanza kuzaa. Mgebuka aliyevuliwa akiwa mchanga ni hasara ambayo haifidiwi kwa msimu mmoja.

Ndugu zake wakubwa zaidi, wakiwamo sangala na nonzi, ndio walioumia mapema. Vifaranga vyao hukua karibu na ufuko, penye majani ya majini, na ndiko kokoro hupita. Hiyo ni sababu mojawapo ya kokoro kupigwa marufuku.

Giza ni mtaji

Mchana, dagaa hushuka kwenye maji ya chini ili kukwepa maadui. Usiku hupanda juu kufuata vijidudu wanavyokula, ambavyo navyo hupanda baada ya jua kuzama. Mvuvi hutumia tabia hiyo kwa kuwasha taa: mwanga hukusanya vijidudu, dagaa hufuata, na migebuka huja kuwinda.

Ili taa ifanye kazi, lazima pawe na giza. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake husambaa juu ya ziwa lote na taa ya mvuvi hupoteza nguvu ya kuvuta samaki. Kwa sababu hiyo wavuvi huhesabu mwezi wao kwa giza na mbalamwezi. Wakati wa giza huingia ziwani; wakati wa mbalamwezi hupumzika kwa siku kadhaa, hushona nyavu, hukarabati injini na kugawana mapato.

Zamani wavuvi waliwasha mienge ya kuni mbele ya mitumbwi na kuchota dagaa kwa lusenga, wavu mfano wa kikapu wenye mpini mrefu. Baadaye zikaja karabai za mafuta ya taa. Katikati ya miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki waliokuwa Bujumbura walileta uvuvi wa meli na nyavu kubwa za kuzungushia. Katika miaka ya karibuni, taa za betri na za umeme wa jua zimechukua nafasi ya karabai kwa sababu hazihitaji mafuta kila usiku.

Kipe, ringi neti na mshipi

Njia inayotumika sana kwa dagaa ni ya kipe. Mitumbwi miwili huunganishwa sambamba kwa miti, na wavu mpana hushushwa kati yake hadi kina cha makumi ya mita. Taa huwashwa juu ya wavu na wavuvi husubiri, mara nyingine kwa saa kadhaa. Samaki wakishajikusanya, wavu huvutwa polepole kutoka chini, kwa mikono au kwa roda, hadi samaki wabaki kama ndani ya mfuko.

Ringi neti huhitaji wavuvi wengi zaidi. Mitumbwi ya taa hutangulia na kusambaa, kila mmoja ukikusanya samaki wake. Chombo kikubwa huja na kuuzungushia wavu mtumbwi mmoja baada ya mwingine, kisha kamba ya chini huvutwa ili kufunga kitako cha wavu kabla samaki hawajatoroka kwenda chini.

Kwa migebuka wakubwa, wapo wanaotumia mshipi wenye ndoano nyingi. Njia hii haileti samaki wengi kwa mara moja, lakini huchagua: ndoano haikamati kifaranga wa sentimeta chache. Kipe na ringi neti zenye matundu madogo hukamata dagaa na vifaranga vya migebuka kwa pamoja, kwa kuwa wote hufuata taa ileile.

Kazi haiishii majini. Asubuhi dagaa huuzwa mwaloni na kuanikwa kwenye mchanga au juu ya vichanja. Kiangazi, siku moja ya jua kali huweza kutosha kuwakausha. Masika, mvua moja ya mchana huweza kuharibu mzigo wote. Waanikaji, ambao wengi wao ni wanawake, ndio hubeba hasara hiyo. Kichanja humsaidia mwanikaji kwa kuwa hewa hupita chini na dagaa hawachanganyiki na mchanga, hivyo hupata bei nzuri zaidi katika masoko ya Dar es Salaam na nchi jirani.

Joto linapoziba mlango

Katikati ya miaka ya 1990, mavuno ya ziwa zima yalikadiriwa kuwa kati ya tani 165,000 na 200,000 kwa mwaka. Tangu wakati huo wavuvi na vyombo vimeongezeka, na malalamiko ya kupungua kwa samaki yamesikika katika nchi zote nne.

Uvuvi uliokithiri si sababu pekee. Mwaka 2003, watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonesha kuwa uzalishaji wa mwani ziwani ulikuwa umeshuka kwa takribani asilimia 20, jambo ambalo walikadiria lingeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2016, timu ya Andrew Cohen ilichunguza tope la chini ya ziwa na kubaini kuwa kupungua kwa samaki kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara kushamiri.

Sababu waliyoitaja ni joto. Maji ya kilindini yana takribani nyuzi joto 23, na ya juu huwa kati ya 24 na 28. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inatosha kuyatenga. Uso wa ziwa unapozidi kupata joto, upepo uleule hushindwa kuchanganya maji kama zamani, na virutubisho hubaki chini.

Kwa nini miezi mitatu

Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika ulitiwa saini na nchi nne jijini Dar es Salaam Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Desemba 2021 nchi hizo zilikubaliana hatua za pamoja za kulinda uvuvi, ikiwamo kupumzisha ziwa kwa wakati mmoja.

Umuhimu wa kufanya hivyo kwa pamoja ni dhahiri. Kundi la dagaa halijui mpaka. Nchi moja ikifunga na jirani akaendelea kuvua, samaki waliohifadhiwa Kigoma huweza kuishia katika nyavu za ng'ambo.

Mei hadi Agosti ni miezi ya upepo, ambapo ziwa hurutubishwa. Dagaa akiachwa wakati huo hupata chakula na nafasi ya kuzaa, na kwa kuwa hukua haraka, matokeo huweza kuonekana katika msimu uleule. Kwa mgebuka hali ni tofauti. Miezi mitatu humwongezea ukubwa, lakini haimfikishi kifaranga katika umri wa kuzaa. Akinusurika hadi Agosti na kukutana na wavu wa matundu madogo Septemba, faida ya kupumzisha hupotea.

Hivyo, kufunga ziwa bila kusimamia nyavu katika miezi tisa inayobaki ni kufanya nusu ya kazi. Jukumu hilo liko mikononi mwa maofisa uvuvi pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kwa jina la BMU, ambavyo wajumbe wake huishi mialoni na hufahamu nani anatumia kokoro usiku.

Upande wa pili wa mizani ni maisha ya watu. Mwenye kipe huweza kuwa na akiba ya kuvuka miezi mitatu. Kibarua anayelipwa kwa mgawo wa usiku mmoja, au mama anayenunua ndoo mbili za dagaa na kuanika, hana. Kwao, swali si kama ziwa linahitaji kupumzika, bali watakula nini linapopumzika.