Je, Wajua? Ua Linalompaka Kipepeo Chavua Mabawani

Je, wajua kwamba gloriosa, lile ua jekundu lenye kingo za njano liotalo vichakani Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, husafirisha chavua kwa mabawa ya kipepeo? Ua hutazama chini, petali zake sita zimekunjuka kwenda juu kama ndimi za moto. Chavua imetandazwa pembeni pande zote, na kijiti cha kike nacho kimepinda ghafla, kikajitenga kando. Kipepeo akifyonza nekta huku akipigapiga mabawa, chavua humganda, akaishusha kwenye ua la pili. Ndege aitwaye chozi naye hafukuzwi, hujihudumia.

Je, wajua kwamba mmea huu hupanda kwa majani? Ncha ya jani hurefuka na kujisokota kwenye chochote kilicho karibu. Upande kando ya seng'enge au kichaka, basi.

Kiazi chake kina umbo la V au L. Kilaze chali, kifukie sentimita 5 hadi 8, penye udongo usiotuamisha maji. Jicho liko nchani: likivunjika, sahau maua msimu huo. Kiangazi shina hukauka kabisa, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kumwagilia wakidhani wanauokoa, kumbe wanaozesha kiazi. Uache ulale, mvua zikirudi utachipua wenyewe. Ukianza na mbegu, subira ya miaka 2 au 3 ni kawaida. Viazi vya porini usivichimbe, tafuta kwenye vitalu. Na dawa ya wadudu? Ukiipuliza, vipepeo uliowaalika ndio watakaokufa.

Je, wajua kwamba ni ua la taifa la Zimbabwe? Mwaka 1947 Elizabeth wa Uingereza, akiwa bado binti mfalme, alizawadiwa bruchi ya almasi yenye umbo la ua hili. Ndiyo aliyoivaa Februari 1952 aliposhuka London kutoka Kenya, akiwa tayari malkia.

Mmea wote una sumu, kiazi hasa. Watu wamekufa kwa kukidhania kiazi kikuu, kwa hiyo vaa glavu na uweke mbali na watoto na mbuzi. Sumu yenyewe, kolchisini, ikipimwa vizuri hutibu jongo. Hiyo hiyo hutumiwa na watafiti wa mbegu kuzidisha kromosomu maradufu, na ndiyo njia iliyotupatia tikiti maji lisilo na mbegu.