Korija na Hesabu ya Ishirini

Mfaransa anapotaja themanini husema quatre-vingts, yaani ishirini nne. Asili ya mtindo huo kwa kawaida huelezwa kwa vidole vya mikono na miguu; aidha, baadhi ya wanaisimu huuhusisha na lugha za Kikelti. Dai hili la pili lina mvuto, ila ushahidi wake ni haba. Lililo dhahiri ni kwamba zamani mtindo huo ulienea zaidi: hospitali ya vipofu 300 iliyoasisiwa Paris na Mfalme Louis wa 9 katika karne ya 13 ingali inaitwa Quinze-Vingts, ishirini kumi na tano.

Je, Kiswahili? Mwanafunzi wa Kakamega anayesema amakhumi kabili kwa Kiwanga atajibu upesi kwamba lugha zetu huhesabu kwa makumi. Hata neno ishirini, lililotoka Kiarabu, halikuubadilisha msingi huo. Hata hivyo, kamusi zimehifadhi neno korija, yaani vitu ishirini. Boriti za mikoko za Lamu na Rufiji ziliuzwa kwa korija na kupakiwa majahazini kuelekea Arabuni. Neno lenyewe ni la wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi; Wareno waliliita corja. Korija tano ni boriti mia moja, lakini miaka mia haikuitwa korija tano: Kiswahili kililipokea neno hilo kama kipimo cha bidhaa, si kama namba.

Huko Lubumbashi, kwenye Kifaransa cha Kibelgiji, sabini ni septante, tisini ni nonante. Na kwa Kiswahili cha huko, ishirini ni makumi mbili.