Tiba ya Rovu Haiishii Kwenye Kisu

Nyumba nyingi za Kinondoni na Temeke hazikosi mgeni aliyekuja kutafuta matibabu. Miongoni mwao wamo ndugu zetu wa visiwani, waliovuka bahari ili waondolewe rovu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wengi hupona. Hata hivyo, yako madhara ambayo mgonjwa na mwenyeji wake hawana budi kuyajua mapema.

La kwanza ni damu. Ikivuja ndani ya kidonda hulibana koo, na hatari ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo. Shingo ikivimba au pumzi ikibana, muuguzi aitwe papo hapo. La pili ni sauti, kwani mishipa ya fahamu inayoiongoza hupita nyuma ya tezi. Ikijeruhiwa, sauti hukwaruza. La tatu ni vitezi vinne, vidogo mfano wa punje za mchele, vinavyolinda kalsiamu ya damu. Vikidhurika, midomo na vidole huchonyota na misuli hukakamaa, aghalabu siku ya pili au ya tatu.

Kinga huanza kabla ya kisu: damu ipimwe, tezi iliyochachamaa itulizwe kwa dawa, sauti ikaguliwe, na kazi ishikwe na mpasuaji mzoefu.

Baada ya hapo wajibu ni wetu. Mgonjwa asikimbilie boti kwa kuwa tu kidonda kimekauka. Mwaka 1883 daktari Theodor Kocher wa Uswisi alieleza jinsi wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walivyodhoofika mwili na akili. Leo kipo kidonge cha kuziba pengo hilo, lakini humezwa kila siku, maisha yote. Basi viongozi wahakikishe kwamba kidonge hicho na kipimo chake vinapatikana Unguja na Pemba, na kila mgonjwa arejee na barua ya daktari.

Husemwa kwamba mla samaki hapati rovu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 uliikanusha imani hiyo: watoto wa shule wa Unguja na Pemba walikutwa na marovu, na Pemba chumvi yenye madini joto ilikuwa adimu mno. Mzazi anaponunua chumvi, na aulize kama ina madini joto. Afisa anayekagua maduka na aulize vivyo hivyo.