Gitaa la umeme sauti imefifia? Pima haya kabla hujanunua pikapu mpya

Gitaa la umeme likianza kupoteza sauti, neno la kwanza utakaloambiwa ni "pikapu imekufa hiyo, tafuta nyingine". Na ukiwa Unguja, kutafuta nyingine mara nyingi ni kumwagizia mtu Dar es Salaam, kusubiri boti, na kutoa pesa ambayo pengine ndiyo malipo yako ya maonyesho mawili matatu hotelini.

Sasa habari njema: pikapu ni kati ya vitu vinavyoharibika mara chache kwenye gitaa. Ndani yake hakuna kitu kinachozunguka wala kusuguana. Vinavyokufa mapema ni vile vilivyo njiani kuelekea kwenye spika: waya, jeki, swichi na volyumu. Kwa hewa yetu ya chumvi, hivyo ndivyo vya kushukiwa kwanza.

Pikapu ni kitu gani hasa?

Siyo ile gari ya kubebea mizigo. Ni kile kipande kilichokaa chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku na waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya huo. Umeme huo ndio amplifaya inaoukuza.

Ni mdogo kweli. Chaja ya simu yako inatoa volti 5; pikapu ya kawaida mara nyingi haifiki hata volti 1. Ndiyo maana kutu kidogo tu kwenye jeki kunatosha kuimeza sauti. Na kwenye bendi ya taarab ya kisasa, ambako gitaa linashindana na kinanda na besi, likififia kidogo basi halisikiki tena.

1. Ni pikapu zote au moja tu?

Magitaa mengi yana pikapu mbili au tatu, na swichi ya kuchagua. Chomeka, fungua volyumu na toni zote mpaka mwisho, halafu pitisha swichi kila sehemu.

Zote zikiwa dhaifu, acha kuzilaumu. Si rahisi pikapu tatu zife siku moja. Badilisha waya kwanza, jaribu amplifaya nyingine, kisha chezesha jeki. Sauti ikikatika na kurudi, mwizi umempata.

Moja tu ikiwa dhaifu, endelea chini. Lakini kumbuka: pikapu ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, kwa kawaida husikika nyembamba kuliko ya karibu na shingo. Uzi hautikisiki sana pale. Huo siyo ugonjwa.

2. Angalia nyuzi ulizofunga

Hili linawakamata wengi. Nyuzi za gitaa la kawaida, zile za rangi ya dhahabu ambazo pakiti yake imeandikwa "bronze", hazifai kwa gitaa la umeme. Sumaku inahitaji chuma au nikeli. Dalili yake ni rahisi kuitambua: nyuzi nyembamba zinasikika vizuri, zile nene zilizosokotwa zinasikika kwa mbali. Nyuzi za nailoni ndiyo kabisa, pikapu haizioni.

3. Pikapu imezama?

Chini ya pikapu huwa mna springi au vipira vinavyoishikilia juu. Springi zinashika kutu, vipira vinaoza, na pikapu inashuka taratibu bila wewe kujua.

Bana uzi kwenye fureti ya mwisho kabisa, ile iliyo karibu na pikapu, kisha pima nafasi kati ya uzi na pikapu. Kianzio kizuri ni milimita 2 upande wa uzi mnene na milimita 1.5 upande wa uzi mwembamba. Ikiwa mbali zaidi, zungusha skrubu za pembeni nusu mzunguko, sikiliza, rudia.

Usiisogeze mno. Sumaku ikikaribia sana inavuta nyuzi, na sauti inayumba kana kwamba gitaa halikutuniwa.

4. Gonga kwa bisibisi

Punguza amplifaya iwe chini. Chagua pikapu moja, kisha gusa kwa upole vile vidoti vya chuma juu yake kwa ncha ya bisibisi ndogo. Pikapu nzima itatoa "tok" ya wazi kwenye spika. Linganisha na nyingine.

Kama pikapu yako ni ya koili mbili, ile pana, gonga safu zote mbili. Safu moja ikiwa kimya kabisa, nusu ya pikapu haifanyi kazi. Hapo utaona pia sauti imekuwa nyembamba na mngurumo umeongezeka, maana koili hizo mbili zimewekwa pamoja ili zifute mngurumo.

5. Safisha chumvi

Mji Mkongwe uko kando ya bahari, na ukipiga Nungwi, Kendwa au Paje, upepo wa baharini unaingia moja kwa moja kwenye ala. Chumvi ikikutana na unyevu wa masika, chuma kinashika kutu na shaba inaota ukungu wa kijani.

Tafuta dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi na volyumu. Mafundi wa redio wanaijua. Chomoa gitaa, puliza kidogo ndani ya swichi na volyumu, kisha zungusha kila kinobu kwenda na kurudi mara 20 au 30. Jeki isafishe kwa pamba iliyolowekwa spiriti. Usitumie mafuta ya kupikia wala ya cherehani, yanakamata vumbi na tatizo linarudi.

Kwa hatua hii peke yake, magitaa mengi "yaliyokufa" hufufuka.

6. Testa ndiyo itakayosema ukweli

Testa ya kawaida ya fundi umeme inatosha, na wala huna haja ya kufungua gitaa. Chomeka waya kwenye gitaa, ule mwisho mwingine uache wazi. Volyumu iwe imefunguliwa yote. Weka testa kwenye kipimo cha ohmu, alama ya 20k. Ncha moja iguse kichwa cha jeki, nyingine iguse shina lake.

Soma hivi:

- Pikapu ya koili moja: kwa kawaida kati ya 5 na 8.
- Pikapu ya koili mbili: mara nyingi 7 mpaka 9, na zile kali hufika hata 16.
- Pikapu mbili zimechaguliwa pamoja: namba hushuka karibu nusu. Ni sawa hivyo.
- Testa inaonyesha 1 au OL: njia imekatika mahali.
- Karibu na 0: kuna nyaya zimegusana, au volyumu umeifunga.

Usibabaike namba yako ikizidi kidogo ile iliyoandikwa na kiwanda. Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, kama asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10. Jua la Kaskazi siyo hewa ya kiwandani.

Kipimo hiki hakifai kwa pikapu zinazotumia betri. Hizo, ikififia sauti, badilisha betri ya volti 9 kwanza. Ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, betri inaliwa hata kama hupigi.

7. Zikiwa mbili pamoja tu ndiyo zinafifia?

Kila moja peke yake nzuri, ukizichanganya sauti inakuwa nyembamba kama redio ndogo. Hapo moja imeunganishwa kinyume, mara nyingi baada ya gitaa kupita kwa fundi. Nyaya zikigeuzwa, kwisha.

Ikithibitika imekatika

Bado usikimbilie boti. Mara nyingi waya hukatika pale unapoungana na nyaya za kutokea, siyo katikati ya koili. Fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kulehemu upya. Mwambie waya huo ni mwembamba mno, asiuvute. Na amplifaya usiifungue mwenyewe: ndani yake umeme unaweza kubaki hata baada ya kuichomoa.

Ukilazimika kununua, piga picha pikapu ya zamani juu na chini, pima urefu na upana wake, na andika namba ya testa. Mpelekee muuzaji vyote kwa simu, usije ukaletewa isiyoingia.

Baada ya hapo, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, lifungie gitaa kwenye begi lake, na mtupie ndani vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Dirisha linalotazama bahari ni zuri kwa wageni. Gitaa lisikae hapo.