M-Pesa Hubebaje Watu Wote kwa Wakati Mmoja?



Siku hizi katika vikundi vingi vya hapa Ogembo na vijiji vya karibu, mchango hauletwi tena mkononi. Mama anatoka kuchuma chai, anatoa simu, anatuma mchango kwa mweka hazina, kazi imeisha. Mwezi wa Oktoba, bonasi ya chai ikitoka, kila mtu anataka kutuma, kutoa na kulipa kwa siku zile zile. Meseji ikichelewa, maneno yanaanza. "Mimi nilituma!" "Na mimi sijaona kitu!" Kikundi kilichojengwa kwa miaka kumi kinaweza kuvunjika kwa ajili ya shilingi 500 ambazo hazijapotea hata kidogo.

Ndiyo maana tumeonelea vizuri tueleze kazi inayofanyika huko tusikoona, kwenye kompyuta za kampuni kubwa. Anayeielewa hatagombana na mwenzake bure, wala hatalaghaiwa kwa urahisi.

ILIANZA NA VIKUNDI KAMA VYETU

Wengi hawajui kwamba M-Pesa ilijaribiwa kwanza na watu wa vikundi vya mikopo. Mwaka 2005, Vodafone ya Uingereza na Safaricom walianza majaribio na wateja wa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo. Wateja wenyewe walikuwa mamia tu. Nia ilikuwa wanakikundi walipe mikopo yao kwa simu.

Mambo mawili yalionekana. La kwanza, kulinganisha malipo ya simu na vitabu vya vikundi kulikuwa kazi ngumu. La pili, watu walianza kuitumia kwa shida zao wenyewe, kama vile kumtumia pesa mtu aliye mbali. Basi wenye kazi wakapunguza mambo, wakashika jambo moja rahisi: kutuma pesa nyumbani. Machi 2007 huduma ilifunguliwa kwa nchi nzima, na kabla mwaka ule haujaisha, waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni 1. Leo hapa Kenya wanaoitumia ni zaidi ya milioni 30.

Tazama hapo: walijaribu na wachache, wakasikiliza, wakarahisisha, ndipo wakapanua. Mfumo ungeanza na mambo mengi kwa watu wengi, ungeanguka mapema.

SAFARI YA SHILINGI 500

Ukimtumia mweka hazina shilingi 500, pesa yenyewe haisafiri. Iko benki, katika akaunti za amana zinazotunzwa kwa niaba ya wateja wote. Kinachosafiri ni maandishi.

Ukishaweka namba ya siri, ombi lako linapita kwenye mlingoti wa simu ulio karibu mpaka kwenye kompyuta kuu, ambazo huitwa seva. Huko programu inauliza: Huyu ni nani? Namba ya siri ni yake? Salio linatosha? Majibu yakiwa sawa, inaandika kitabuni mara mbili: 500 zimetoka kwako, 500 zimeingia kwa mweka hazina. Yote mawili yaandikwe, au lisiandikwe hata moja. Hakuna nusu. Hata stima ikipotea katikati ya kuandika, ikirudi programu inaangalia: kama kazi haikukamilika, inafutwa na pesa inabaki kwako.

Kisha muamala huo unapewa namba yake yenye herufi na tarakimu 10, ambayo hapewi mwingine. Mwisho kabisa ndipo meseji zinatumwa, moja kwako na moja kwake.

Kwa hivyo meseji ni risiti tu. Ukweli uko kitabuni. Kitabu kinaweza kuwa kimeshaandikwa na meseji bado iko njiani. Vilevile mtu mwongo anaweza kukuandikia meseji inayofanana na ile ya kweli, na kitabuni hakuna kitu.

WATU WAKIJA WENGI

Fikiria kituo cha chai chenye mizani moja na karani mmoja. Wakulima 20 watapimiwa vizuri. Wakija 2,000, jua litazama na majani yatanyauka. Utafanyaje?

Unaweza kununua mizani kubwa zaidi. Lakini hiyo ina mwisho, na siku ikiharibika wote mmekwama. Njia ya pili ni kuweka mizani nyingi za kawaida na kugawa kazi: huyu anapima, huyu anaandika, huyu anapakia. Mmoja akiugua, wengine wanaendelea. Ndivyo ilivyofanya Google ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1998. Haikutegemea kompyuta moja kubwa ya bei ghali, bali kompyuta nyingi za bei nafuu, na programu inayojua kwamba baadhi yake zitakufa kila mara.

Njia ya tatu ni foleni. Mambo yasiyoweza kungoja, kama kuandika kitabu, hutangulia. Yanayoweza kungoja, kama kutuma meseji, hupangwa nyuma. Ndiyo sababu siku za shughuli nyingi meseji zinaweza kuchelewa ilhali pesa imeshaingia.

Hapa kwenye pesa kuna ugumu mmoja zaidi. Makarani wakiwa wengi na kila mmoja ana kitabu chake, mtu mjanja mwenye 500 anaweza kuzitumia mara mbili kwa makarani wawili. Kwa hivyo nakala za kitabu lazima zikubaliane kabla ya kukujibu "imekubaliwa." Makubaliano hayo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, nayo huwapa mainjinia kazi usiku na mchana.

Kwa miaka mingi seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Mwaka 2015 zililetwa Kenya, pamoja na programu mpya. Alfajiri ya 22 Septemba 2025 huduma ilisimamishwa tangu saa sita usiku mpaka saa kumi na moja ili kuhamia mfumo mwingine tena. Safaricom ilieleza kwamba huo unaweza kubeba miamala 6,000 kwa sekunde moja. Piga hesabu: kwa dakika moja ni 360,000. Na angalia saa walizochagua: saa ambazo wengi wamelala. Daraja linalopitwa na watu halitengenezwi siku ya soko.

WANANGOJA KUHARIBIKA

Hakuna mfumo usioanguka. Tarehe 24 Aprili 2017 mtandao wa Safaricom ulilala kwa saa kadhaa nchini kote, na biashara nyingi zikasimama. Kwa hivyo mainjinia hawaulizi tu, "Tufanyeje usiharibike?" Wanauliza pia, "Ukiharibika, ni nani atashika kazi?" Kampuni ya Netflix ya Marekani, inayoonyesha filamu kwa intaneti, ilitengeneza hata programu iitwayo Chaos Monkey. Kazi yake ni kuzima seva za kampuni hiyo hiyo bila taarifa, mchana wa kazi, ili ionekane kama huduma itaendelea. Wanaona ni heri kugundua udhaifu wakati mafundi wako macho kuliko usiku wa manane.

TUFANYE NINI KIKUNDINI?

1. Meseji ikichelewa, usitume mara ya pili haraka. Angalia salio kwanza. Kama limepungua, kitabu kimeandikwa.

2. Mweka hazina asikubali mchango kwa kuonyeshwa meseji ya mtumaji tu. Aangalie salio la simu yake mwenyewe.

3. Katika kitabu cha kikundi, andikeni tarehe, jina, kiasi na ile namba ya muamala. Ikitokea ubishi, namba hiyo ndiyo shahidi.

4. Ukikosea namba ya mtu, peleka meseji ya muamala kwa 456 upesi, kabla aliyepokea hajatoa. Mtu akikupigia simu kwamba amekutumia kwa makosa na umrudishie, angalia salio kwanza, kisha umwambie afuate njia hiyo hiyo.

5. Namba ya siri ni ya mtu mmoja. Kitabu kiwe cha watu wote. Katibu awe na nakala yake, na kila mwezi vitabu viwili visomwe pamoja mbele ya wanakikundi.

6. Jaribuni siku moja kuendesha mkutano bila mweka hazina. Kama hakuna mwingine anayejua hesabu iko wapi, basi kikundi chenu ni mizani moja. Siku huyo mama akilazwa hospitali, pesa ya wote imelazwa naye.

Kampuni kubwa haimwamini mtu mmoja wala mashine moja kubeba kila kitu, na hakuna anayeona ametukanwa. Sisi tukimwomba mweka hazina kitabu, kuna wanaodhani tunamwita mwizi. Sivyo. Kitabu cha pili humlinda mweka hazina mwaminifu kuliko mtu yeyote, maana siku akisingiziwa, kitamtetea.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Mara ya mwisho tulipobishana juu ya pesa, ubishi ulitokana na pesa kupotea au na kumbukumbu kukosekana?

2. Katika kikundi chetu, ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu? Ni nani atafundishwa kabla ya mkutano ujao?

3. Simu ya mweka hazina ikipotea leo, ni vitu gani tutaweza kuonyesha kesho?