Gari Husimama, Injini Haisimami

Yeyote aliyewahi kungoja kivuko hapa Kamanga anaijua picha hii. Jua limekwisha panda. Magari yamejipanga mstari mmoja kuelekea majini: malori, mabasi madogo, magari ya watu binafsi na magari ya umma. Abiria wameteremka kununua mihogo ya kukaanga, na ng'ambo ya maji mawe ya Mwanza yaonekana kana kwamba mtu angeweza kuyagusa. Hakuna gurudumu hata moja linalozunguka. Lakini injini zanguruma.

Siku moja hivi karibuni tulipita tukiitazama foleni hiyo, tukaona kwamba zaidi ya nusu ya magari yaliyosimama yalikuwa hayakuzimwa. Tulimsogelea dereva wa gari moja la umma, kijana mwenye adabu na mwenye kuitunza kazi yake, tukamwuliza gari lake litafanyiwa lini matengenezo. Alituonyesha kibandiko kilichobandikwa kando ya mlango, kilichoandikwa idadi ya kilomita. "Bado kilomita elfu mbili, Mzee," alisema. Tukamwuliza, je, tangu oili ilipobadilishwa injini hii imefanya kazi saa ngapi? Akacheka. "Saa? Gari halihesabiwi saa, Mzee. Saa ni za trekta."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike leo. Hatumlaumu kijana yule, kwani alisema alivyofundishwa. Lakini twaamini kwamba katika mkoa wetu, wenye vivuko, visiwa, mitumbwi ya injini na majenereta, mazoea ya kupima kila kitu kwa kilomita yanatupotezea mali nyingi, na siku moja yanaweza kutupotezea kitu kikubwa kuliko mali.

Jambo lenyewe si gumu. Gari lina miguu na lina moyo. Miguu yake ni tairi, breki, springi na shokapu. Hivyo huchakaa kwa kutembea, na kilomita ndicho kipimo chao cha haki. Moyo wake ni injini. Mtu akiketi kivulini miguu yake hupumzika, bali moyo wake haupumziki, waendelea kupiga. Ndivyo ilivyo kwa gari lililosimama likinguruma. Mita ya kilomita imelala, nayo injini yaendelea kuchakaa, na hakuna anayeandika.

Tena wengi hudhani kwamba injini ikinguruma taratibu bila kubeba mzigo huwa haiumii. Mafundi wajua sivyo. Injini ya dizeli inayonguruma muda mrefu bila kazi haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote. Sehemu yake hubaki masizi, yakaziba nozeli na kujishika kwenye ringi za pistoni. Sehemu nyingine huteremka pembeni mwa pistoni hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Oili iliyochanganyika na dizeli na masizi haiwezi tena kulinda vyuma visisagane. Injini haitapiga kelele siku hiyo wala mwezi huo. Itaonyesha baadaye, kwa moshi, kwa kula oili, kwa kukosa nguvu mlimani, na mwisho kwa kufa. Hapo watu husema: "Ajabu, gari bado jipya, kilomita zake ni chache!"

Na tufanye hesabu. Tuchukue magari mawili ya aina moja, kila moja likiwa limepangiwa kubadilishwa oili kila kilomita 5,000. Gari la kwanza lafanya safari ndefu katika barabara nzuri, kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa. Linapomaliza kilomita 5,000, injini yake imefanya kazi saa 100. Gari la pili latembea kilomita 60 kila siku, kazi ya saa moja na nusu, lakini hungoja kivuko likinguruma saa moja wakati wa kwenda na saa moja wakati wa kurudi. Injini yake hufanya kazi saa tatu na nusu kila siku. Kilomita 5,000 litazimaliza baada ya siku 83, na kufikia hapo injini imefanya kazi karibu saa 290. Vibandiko vya magari haya mawili vyasema jambo moja. Injini zao zasema mambo mawili mbalimbali kabisa.

Jambo hili si la hapa kwetu tu. Huko Marekani, magari ya polisi husimama barabarani kwa muda mrefu yakinguruma, kwa sababu taa na redio zake zahitaji umeme. Kampuni ya Ford iliona kwamba kilomita peke yake zingewadanganya wenye magari hayo, ikatoa kipimo: saa moja ya kunguruma mahali pamoja ihesabiwe kuwa sawa na mwendo wa maili 33, yaani kilomita 53 hivi. Tukilipima gari letu la pili kwa kipimo hicho, saa zake mbili za foleni ni kilomita 106 zisizoonekana. Ukizijumlisha na 60 zinazoonekana, injini imesafiri kilomita 166 kwa siku, na oili yapaswa kubadilishwa kila baada ya mwezi mmoja, si kila baada ya karibu miezi mitatu. Kipimo hicho kilitolewa kwa magari ya kwao, wala hatusemi kwamba kila gari lifuate tarakimu hiyo hiyo. Twasema tu kwamba wale wanaoziunda injini hawaamini kilomita peke yake.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Vitabu vinavyokuja na magari yetu karibu vyote huagiza oili ibadilishwe baada ya kilomita kadhaa au miezi kadhaa, lolote litakalotangulia. Vitabu hivyo hivyo vina ukurasa wa matumizi magumu: vumbi, safari fupi fupi, kunguruma muda mrefu. Kwa matumizi hayo muda wa matengenezo hufupishwa, mara nyingi hadi nusu. Ukurasa huo ndio unaotuhusu sisi, nao ndio usiosomwa. Gari la kisiwani huenda likatembea mwaka mzima bila kupata safari ndefu hata moja: kutoka gatini hadi zahanati, kutoka zahanati hadi ofisini. Injini huzimwa kabla haijapata moto. Kilomita zake ni chache, na kwa sababu hiyo hiyo maisha yake ni magumu.

Kijana wetu alisema saa ni za trekta, na kwa hilo alisema kweli. Wazee wa Usukuma walioendesha Massey Ferguson katika mashamba ya pamba, au Valmet zilizounganishwa Kibaha katika miaka ya 1980, waliijua mita ya saa vizuri. Trekta huweza kulima kutwa nzima bila kutoka katika shamba moja. Nani angelipima kwa kilomita? Katika matrekta mengi ya zamani mita hiyo iliendeshwa na waya uliozungushwa na injini yenyewe. Saa yake ilikuwa kamili pale tu injini ilipozunguka kwa kasi ya kazi, na injini ilipopunguzwa mita nayo ilikwenda polepole. Basi hata saa hazilingani zote: saa moja ya kuvuta jembe katika udongo mzito si saa moja ya kungoja. Ndege nazo hupimwa injini zake kwa saa. Jenereta hupimwa kwa saa. Kwa nini basi chombo cha majini, na gari linaloishi foleni, vipimwe kwa kilomita au kwa kukisia?

Tukitazame kivuko chenyewe, au pantoni kama wazee wanavyopenda kukiita. Tuseme chavuka kilomita nne kwa nusu saa, mara 16 kwa siku. Huo ni mwendo wa kilomita 64. Lakini kinapopakia na kushusha, injini hazizimwi, maana ndizo zinazokishikilia ufukoni. Tukihesabu robo saa kila gati, injini zimefanya kazi saa 12 kwa siku. Kama mtu angekipima kivuko hicho kama gari, angengoja siku 78 kufikisha kilomita 5,000, na injini zingekuwa zimekwisha fanya kazi saa 936. Injini nyingi za dizeli za kazi kama hiyo huhitaji oili mpya kila saa 250 hivi. Angekuwa ameruka matengenezo matatu. Wakuu wa mitambo wa vivuko walijua hilo zamani, na ndiyo maana huandika saa katika daftari zao. Twaomba tu daftari hizo ziheshimiwe pia na wale wanaoidhinisha fedha. Mkuu wa mitambo anapoandika kwamba saa zimetimia, jibu lisiwe kwamba bajeti ya robo hii haikupanga hivyo. Injini haisomi bajeti.

Kwa ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, jambo hili ni la uhai. Gari likizimika njiani, abiria huteremka wakasukuma. Mtumbwi ukizimika katikati ya ziwa, hakuna wa kuteremka. Upepo ndio unaokuwa nahodha. Na wakati mwingine aliyelala chini ya mtumbwi ni mama mwenye uchungu wa uzazi anayekimbizwa hospitali. Vitabu vya injini hizi za mitumbwi huagiza kwamba oili ya gia ibadilishwe na sehemu nyingine zikaguliwe kila saa 100 hivi, na mara ya kwanza mapema zaidi. Mvuvi anayekwenda saa tatu na kurudi saa tatu kila siku huzimaliza saa hizo kwa siku 17. Akihesabu kwa miezi, amechelewa.

Asiye na mita ya saa anacho kipimo kingine: dumu. Kama injini yako yala lita sita kwa saa, dumu la lita 20 ni saa tatu na dakika 20, na madumu 30 ni saa 100. Piga mstari ukutani kwa kila dumu unalofungua. Mistari ikitimia 30, mwite fundi. Kipimo hiki kisidharauliwe. Watengenezaji wa injini kubwa nao hutumia kiasi cha mafuta yaliyounguzwa kukadiria wakati wa kuifungua injini, kwa sababu mafuta hueleza muda uliopita na uzito wa kazi iliyofanyika pia.

Kwa viongozi na watumishi wa serikali tuna maombi manne. Kwanza, daftari la safari la kila gari la umma liongezwe safu mbili: saa ya kuwasha injini na saa ya kuizima. Kalamu ni ile ile na dereva ni yule yule. Pili, magari yanayosimama mno yakinguruma, na magari yote ya visiwani, yafungwe mita ndogo ya saa, iunganishwe mahali ambapo haitahesabu mpaka injini iwe inazunguka. Magari mengi mapya, hasa malori, huhifadhi hesabu hiyo katika kompyuta yake. Fundi mwenye kifaa aisome na kuiandika. Tatu, kibandiko cha matengenezo kiwe na tarakimu mbili, kilomita na saa, na itakayotangulia ndiyo ifuatwe. Nne, wakati wa kununua gari lililotumika, au wakati wa kuamua gari lipi lipigwe mnada, wakaguzi wasiridhike na kilomita. Gari lenye kilomita chache kutoka mji wenye msongamano huenda likawa na moyo mzee katika mwili wa kijana.

Kwa madereva ombi ni moja. Ukifika foleni na kivuko kingali ng'ambo, zima. Kama injini ina taboji na imetoka katika mwendo mkali, iache dakika moja au mbili ipoe, kisha zima. Gari dogo la dizeli linalonguruma huweza kula lita moja ya mafuta kwa saa, au karibu na hapo. Saa mbili kwa siku, siku 20 kwa mwezi, ni lita 480 kwa mwaka zinazoungua bila gari kusogea hata hatua moja. Ukikumbuka ni nani anayelipia mafuta ya gari la umma, mkono utaufikia ufunguo upesi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali tunayoizungumzia leo inapotea mbele ya macho yetu, tena kwa sauti kubwa, asubuhi na jioni, katika foleni ya Kamanga. Kivuko kilipowasili siku ile, kijana yule aliliingiza gari lake, akazima, akatushukuru kwa mazungumzo. Twatumaini kwamba mkuu wake wa kazi atampa daftari lenye safu mbili zaidi. Kilomita aendelee kuziandika. Saa nazo aanze kuziandika sasa.