Njiti Moja, Neno Moja

Umeme umekatika. Kiberiti chako kilibaki na njiti moja, nawe umeshaiwasha. Mezani kuna kibatari, mshumaa, na barua ambayo haijafunguliwa. Chumba cha pili mtu anakohoa. Njiti inaungua kuelekea vidoleni.

Andika neno moja.

Usiendelee kusoma kwanza. Chukua kalamu, andika neno lako pembeni, kisha rudi hapa.

Tayari? Basi umeshaingia ndani ya mchezo wa maandishi. Hauna picha wala muziki, hauna gari linalokimbia. Kuna maneno ya mtunzi, halafu nafasi tupu ya maneno yako. Ukiandika, unajibiwa kwa maneno. Mwanzo huo una maneno 30 kamili, hesabu, nakusubiri. Nimejiwekea sharti kwamba mchezo wote, pamoja na majibu yake yote, usizidi maneno 300, na mchezaji apewe neno moja tu. Akishalitumia, hadithi imekwisha.

Utauliza: nani alikulazimisha? Hakuna. Lakini kumbuka ngano ulizosimuliwa usiku. Kijana anakabidhiwa funguo za vyumba saba, anaambiwa cha saba asikifungue. Msichana anapewa pete, ila asigeuke nyuma mpaka avuke mto. Sasa yaondoe hayo masharti. Kijana anafungua vyumba vyote saba, anakuta mali, anakula, analala. Nani atabaki macho kumsikiliza huyo? Bila sharti, ngano haina mguu wa kutembelea. Watunzi wa michezo ya maandishi nao waliligundua hilo, ila wao mwanzoni hawakulichagua. Lilitoka kwa mashine.

Twende Marekani, miaka ya 1970. Kompyuta wakati huo ilikuwa kitu cha ofisi na cha chuo, kubwa kama kabati au zaidi. Will Crowther alikuwa mtunzi wa programu huko Massachusetts, na kazini alikuwa miongoni mwa waliojenga ARPANET, mtandao uliokuja kuizaa intaneti. Siku za mapumziko alikuwa mtu wa mapango. Yeye na mkewe Patricia walitambaa kwenye matope na kuchora ramani za pango la Mammoth huko Kentucky, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Baadaye ndoa ikavunjika. Binti zake wawili walipokuja kumtembelea, baba alitaka kuwa na kitu cha kuwachezesha. Basi kati ya 1975 na 1976 akaliandika pango ndani ya kompyuta: ukisimama hapa unaona hiki, ukienda kusini unafika pale, na humo gizani taa usiisahau. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford akaliongezea vyumba na hazina. Mchezo huo, Adventure, ndio babu wa michezo yote ninayokusimulia leo.

Mchezaji aliruhusiwa maneno mawili, kitendo na kitu: chukua taa, fungua mlango. Tena mashine ilisoma herufi tano za mwanzo za kila neno. Zilizobaki ilizitupa, kwa sababu kijisanduku kimoja cha kumbukumbu yake kilitosha herufi tano tu. Kwa Kiingereza jina la kaskazini lina herufi tano, na jina la kaskazini-mashariki linaanza na hizo hizo tano. Mashine isingeweza kuyatofautisha, ikabidi mchezaji aonywe mapema afupishe.

Halafu mambo yakabana zaidi. Mwaka 1978 Scott Adams, huko Florida, alitoa Adventureland kwa kompyuta ndogo ya nyumbani, TRS-80, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16. Hiyo ni nafasi ya herufi 16,384, kama kurasa nane hivi za maandishi. Vyumba, vitu, majibu, na maagizo ya programu yenyewe, vyote vilitakiwa kulala humo humo kama ndugu kitanda kimoja. Adams akapunguza mpaka herufi tatu kwa kila neno.

Hebu tulijaribu hilo kwa Kiswahili. “Fungua” inabaki fun. “Funga” nayo inabaki fun. Umesema mlango ufunguke, mashine inakufungia ndani! “Kusini” ni kus, “kushoto” pia kus. Ungepotea hata ukiwa na ramani mkononi.

Hao walibanwa na mashine. Lakini simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 ina nafasi zaidi ya mara 250,000 ya ile TRS-80. Hakuna anayekubana tena. Na watu walipoona hakuna anayewabana, wakaanza kujibana wenyewe.

Mwaka 1999 Mwingereza Sam Barlow alitoa mchezo uitwao Aisle. Wewe upo supamaketi, kwenye njia iliyo katikati ya rafu. Mbele yako kuna gnocchi, vile vidonge vya viazi wanavyopenda Waitaliano. Hatua chache kutoka ulipo kuna mwanamke anafanya manunuzi yake. Unaandika agizo moja. Jibu linakuja, hadithi inakwisha, unarudishwa pale pale mwanzo. Ukimsemesha mwanamke unapata mwisho mmoja, ukichukua gnocchi unapata mwingine, na kadiri unavyorudia ndivyo unavyogundua kwamba mtu huyu ana mambo mazito kifuani. Barlow anakuonya tangu mwanzo kwamba hadithi ni nyingi, na si zote zinazomhusu mtu yule yule.

Nilipoucheza mara ya kwanza nilicheka, maana sisi mchezo wa hatua moja tunao tangu zamani. “Kitendawili!” “Tega.” “Nyumba yangu haina mlango.” Unajibu mara moja: yai. Ukishindwa, unaambiwa “nipe mji,” unatoa mji, mtegaji anajisifia safari yake huko halafu anakupa jibu. Tofauti ni kwamba kitendawili kina jibu moja linalokubalika, na mtegaji anakusubiri ukosee. Aisle haina kukosea. Kila utakachofanya, hicho ndicho kilichotokea. Ukitaka kutunga mchezo mfupi, amua mapema wako uko upande upi. Mimi naona upande wa Barlow ni mgumu zaidi, kwa kuwa inabidi ufikirie kila neno ambalo mtoto mkorofi wa mtaa wa pili anaweza kuliandika.

Sharti la maneno 300 si langu pia. Mwaka 2015 mtunzi wa Marekani anayejiita Porpentine aliwaita watu watunge michezo isiyozidi maneno 300, na kusanyiko hilo likaitwa Twiny Jam. Wapo pia wanaojiwekea sharti la muda, saa mbili kutoka wazo mpaka mchezo kamili. Sharti la muda mimi silipendi sana. Linakufundisha kukimbia. La maneno linakulazimisha kurudi nyuma na kuliuliza kila neno: wewe umekuja kufanya nini hapa?

Masharti yanayonichekesha ni ya herufi. Mwaka 2000 Nick Montfort alitoa Ad Verbum, nyumba ambayo baadhi ya vyumba vyake vimeandikwa kwa maneno yanayoanza na herufi moja tu. Mchezaji akiwa humo, naye lazima aandike maneno ya herufi hiyo, la sivyo hatoki. Sasa angalia Kiswahili kinavyotupendelea. Chumba cha K: “Kabati kubwa. Kitanda kimoja, kiti kilichovunjika. Kando, kuku kumi. Kimya.” Ngeli ya KI-VI ikishika usukani, maneno mengine hufuata yenyewe kama vifaranga. Na kutoka? “Kimbia.” Watu wa Kiingereza wangetuonea wivu.

Tujaribu upande wa pili: kukataza herufi. Mfaransa Georges Perec aliandika riwaya nzima, La Disparition, ya mwaka 1969, bila herufi E, ambayo ndiyo inayotumika zaidi katika lugha yake. Sisi tukiikataza A tutapata taabu ya ajabu, kwa sababu vitenzi vyetu vingi huishia na A. “Nimekuja” imekwenda. “Anakula” imekwenda. “Mama” amekwenda, maskini. Kinachobaki ni nini? “Sioni kitu. Siendi. Sipendi. Njoo upesi. Tutoke.” Soma tena kwa sauti. Amezaliwa mtu hapo: anakana kila kitu, halafu anaomba. Sikumpangia tabia hiyo. Nilikataza herufi moja, akajitokeza mwenyewe na hofu yake.

Turudi kwenye giza letu. Kompyuta huihitaji kwa sasa. Kata karatasi ya daftari vipande kumi. Kipande cha kwanza kiandike mwanzo, yale maneno 30. Yamebaki 270, na vipande vimebaki tisa. Kwa hiyo kila kipande kina haki ya maneno 30, kikitumia machache kinamkopesha mwenzake. Juu ya kila kipande andika neno ambalo mchezaji anaweza kulisema, chini yake jibu. Rafiki yako ndiye mchezaji. Wewe ndiye mashine, kwa hiyo usicheke wala usimpe dokezo.

Neno moja linatosha vipi? Linatosha kwa sababu ya ngeli zile zile zilizokuchosha darasani. Rafiki yako akisema “kiwashe,” hakutaja kibatari lakini umejua. Akisema “uwashe,” ni mshumaa. “Ifungue” ni barua. “Mwite” ni yule anayekohoa, na hapo mtunzi lazima aamue ni nani. Uzuri zaidi uko pale ngeli zinapogongana. “Iache”: iache barua, au iache njiti ianguke? Zote ni I-ZI. Mimi niliandika jibu ambalo mchezaji anaacha vyote viwili, na njiti inaangukia kwenye barua. Halafu kuna kwenu. Kama kibatari mnakiita koroboi, rafiki yako atasema “iwashe,” na mashine yako itashangaa. Ongeza kipande, au badilisha kitu.

Haya ni majibu mawili niliyoandika mimi.

Kiwashe: “Kibatari kinawaka, kisha kinafifia. Mafuta yaliisha juzi, na ulikuwa umesahau. Kwa mwanga wake wa mwisho unaona jina kwenye bahasha. Si lako.”

Uwashe: “Mshumaa unashika. Unakaa kitini, mikono mapajani, ukiitazama bahasha. Asubuhi barua bado haijafunguliwa.”

Ukitaka kuuweka kwenye kompyuta, iko programu ya bure iitwayo Twine, aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009. Kila kipande chako kinakuwa kisanduku kwenye kioo, na neno ukilizungushia mabano mawili ya mraba kila upande linakuwa kiungo cha kwenda kisanduku kingine. Mwishoni unapata faili moja inayofunguka kwenye kivinjari hata kama bando limeisha. Ila ujue unachopoteza: kwenye Twine kawaida mchezaji anabofya maneno uliyomwekea, kwa hiyo anayaona yote kabla hajachagua. Siri ya “neno lolote” inavuja. Kwa mchezo huu mahususi, vipande vya karatasi vinaishinda kompyuta, na nasema hivyo nikiwa mtu anayependa kompyuta.

Mchezaji wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa jirani. Vipande vyangu vilikuwa tayari, maneno 300 bila kubaki hata moja, nami nilijiona fundi. Nikamsomea mwanzo. Akafumba macho. Akakaa kimya mpaka nikadhani amesinzia, halafu akasema: “Sikiliza.”

Sikuwa nalo. Nikatafuta vipande vyote, nikarudia kutafuta. Nikamjibu kama mashine inavyojibu: “Sielewi.” Alinitazama kama mtu aliyefika dukani akaambiwa chumvi hakuna.

Usiku ule nikaandika jibu lake. Lilikuwa na maneno 14, na mimi sikuwa na nafasi ya hata neno moja. Nikaanza kuchinja. Sentensi ya mafuta ya kibatari, maneno sita, nikaikata. Niliipenda kuliko zote, kwa kuwa ilinitokea kweli nyumbani. Sentensi ya mtu kukaa kitini, maneno sita, nikaikata. Yakabaki mawili. Nikazunguka chumbani, nikachemsha chai, nikaisahau ikachemka ikamwagika. Mwisho nikakata “Si lako.” Sasa mchezaji wa kibatari anaona jina kwenye bahasha, na ni la nani, atalijua yeye.

Kesho yake nikamwita mtoto, nikamsomea mwanzo upya. Akafumba macho, akasema lile lile neno lake. Nikachukua kipande cha kumi na moja, nikasoma:

“Njiti inakuchoma, giza linarudi. Kikohozi kimekoma. Sasa unasikia karatasi ikichanwa taratibu, mezani, mbele yako.”